Ephantus Muchangi, Aliyekataa Kununua Njaa

Wewe uliyeketi hapa, ungemnunua mbuzi wa jirani yako kwa bei ya kuku, ukijua anamuuza kwa sababu ya njaa? Mzee Ephantus Muchangi aliulizwa swali hilo mwaka wa 1992, na jibu lake ndilo lililotukusanya leo.

Marehemu alizaliwa karibu na Gachoka, Mbeere, mwaka wa 1938, mtoto wa tatu wa Njagi na Ruguru. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha karo ikakosekana akarudi kuchunga. Alizoea kusema kwamba darasa la tano alifundishwa na mbuzi, nao hawakumpa likizo.

Mwaka wa 1961 aliajiriwa kuhudumu kwenye josho la ng'ombe huko Kibirichia, Meru. Huko ndiko alikompata Kiende, binti wa mkulima wa viazi. Alipokwenda kuposa, mzee wa boma alimuuliza, "Huko kwenu mnakula nini?"

"Mbuzi."

"Na mbuzi wanakula nini?"

"Miiba."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtu anayegeuza miiba kuwa nyama hatamlaza binti yangu njaa." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1965, na mwaka wa 1974 wakarudi Gachoka.

Ukame wa 1992 ulimkuta akiwa mwenyekiti wa kikundi cha akiba cha waumini. Madalali walikuwa wakipita boma kwa boma wakichukua mbuzi kwa bei ya kutupa, na baadhi ya wanakikundi wakaona nafasi: wanunue kwa bei hiyo, wawapeleke mbuzi Kibirichia kwenye nyasi, wawauze Krismasi. Jirani yake Mwaniki ndiye aliyetoa hoja.

"Muchangi, hii ni biashara, si mahubiri. Njaa hatukuileta sisi."

"Kweli. Lakini tukiinunua njaa ya mjane kama Wawira, Jumapili tutaweka nini kwenye sahani ya sadaka?"

Akawakumbusha desturi ya wazee ya kuwekeana mbuzi. Kikundi kitamnunua mbuzi jike kwa bei ya haki, lakini abaki kwa mfugaji. Watakaozaliwa wagawanywe. Na mfugaji akishasimama, naye amwekee mbuzi jike mtu asiye na kitu. Hakutaka fedha za watu wa Mungu zizae kwa machozi ya mtu.

"Basi baki na mifupa yako," Mwaniki alisema akiinuka. "Wakifa utuite, tuje tuwazike kwa maombi."

Aliondoka na nusu ya wanachama pamoja na akiba zao. Kusema kweli, mbuzi wengi wa kikundi walikufa mwaka ule, na waliocheka walikuwa na sababu ya kucheka. Hata hivyo mbuzi wa Mwaniki, waliozoea joto letu, walikutana na baridi ya Kibirichia, homa ya mapafu ikawamaliza. Marehemu hakumcheka. Alikwenda kumpa pole, akafukuzwa.

Mvua iliporudi, alimfuata Idrisi, mwenye bucha mjini Embu, amuuzie mbuzi wa kikundi.

"Mzee, mimi nauza nyama, siuzi huruma," Idrisi alimwambia.

"Huruma sijakuomba. Nipe bei ile ile, mvua inyeshe isinyeshe."

"Sawa. Lakini ukiniletea mfupa uliovaa ngozi, nitamrudisha Gachoka kwa miguu yake."

Mwislamu huyo alishika neno lake miaka yote, wakati Wakristo wenzetu walikuwa bado wanauliza faida iko wapi. Faida iko pale zahanati, kwenye tangi la maji mnalochotea, lililojengwa kwa fedha za mbuzi hao.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alipougua hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba wanakikundi watauza mbuzi wote na kugawana.

"Wakithubutu nitawataja madhabahuni," mwanawe Mutugi, anayesoma wasifu huu, alimwambia.

"Hapana, kijana wangu. Mbuzi hafungwi kwa kelele."

Alifariki usiku wa Jumanne, tarehe 15 Septemba 1998, akiwa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kiende.

Ameacha mjane wake Kiende, watoto Veronicah, Kirimi na Mutugi, wajukuu wanne, na dada yake Phyllis. Bwana ampe kivuli, maana alifanya kazi juani.

Lakini kabla hatujamshusha, yafaa mjue alichokiona Mutugi asubuhi baada ya usiku ule wa kifo. Alikuwa amesimama langoni wakati waombolezaji wakianza kufika, na tayari wanaume wawili wa kikundi walikuwa pembeni wakizungumzia kugawana. Wawira, yule mjane aliyewekewa mbuzi na kikundi wakati wa ukame, akatokea njiani akimvuta mbuzi jike kwa kamba.

"Mlete huku, mama," wanawake wa jikoni wakamwita. "Sufuria iko tayari."

"Huyu si wa sufuria. Ana mimba."

Akalipita lango letu bila kuingia. Akavuka njia, akaingia boma la Mwaniki, lisilokuwa na mbuzi tangu mwaka ule wa ukame. Mwaniki alitoka, akavua kofia.

"Wawira, mimi nilitoka kwenye kikundi."

"Najua. Shika kamba."

Wale wanaume wawili wakaacha habari ya kugawana. Mwaniki akaishika.