Ligi ya Pikipiki Zisizo na Breki

Gerishon alipanda basi la kwenda Al Rayyan akitafuta usingizi, lakini wawili waliokaa mbele yake walimnyima. Bradley, mlinzi wa geti, alikuwa anamwonyesha nesi mmoja mbio za pikipiki kwenye simu. "Ligi kuu ya Poland hii, dada. Watu wanne, mizunguko minne, na pikipiki hazina breki. Msimu mzima sijakosa mechi, na leo jioni timu yangu iko fainali."

Nesi, Carolyne kwa kitambulisho chake, akamuuliza anaenda wapi asubuhi hii.

"Mtihani wa leseni ya pikipiki, mara ya tatu. Nikifeli tena, ile kazi ya kupeleka chakula anapewa mwingine, mimi narudi kusimama kwa jua."

"Mara ya kwanza ulifeli kwa nini?"

"Nilishusha mguu kwenye kona. Mabingwa wote hushusha."

"Na ya pili?"

"Nilichelewa kufunga breki."

Gerishon hakushangaa. Yeye angemnyima hata baiskeli.

"Kaka, achana na hiyo ligi mpaka upate leseni!" Carolyne akamwambia.

"Siku ya fainali? Wewe pia!"

Basi lilipokaribia kituo cha mtihani, Bradley alisimama, macho bado kwenye simu. "Breki, kaka! Usisahau breki!" Carolyne akapaza sauti. Dereva akadhani anaambiwa yeye, akaikanyaga kwa nguvu zote, na Gerishon akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

"Umeona sasa?" Bradley akasema akishuka. "Breki ndizo zinaumiza watu."