Kaka Yangu na Bafu la Wapanda Baiskeli

Ndugu, jamaa, majirani, na wafanyakazi wenzetu mliosimama kule nyuma, poleni sana kwa msiba, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, kwa kuwa nimezoea kuandika taarifa, na ninaomba mnivumilie, maana taarifa hizo nilizozoea kuziandika ndizo zinazonifanya leo nisimame mbele yenu nikiwa sina uso wa kuwatazama.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo chumba chake cha mbele baba alikitumia kwa cherehani, na mama alikuwa akituambia kwamba siku hiyo mteja alikaa akisubiri suruali yake kuanzia asubuhi hadi jioni, akaondoka bila suruali lakini akiwa amekunywa chai vikombe vitatu na kumjua mtoto.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971, akamaliza la saba mwaka 1977, akaendelea na sekondari na kuhitimu kidato cha nne mwezi Novemba 1981, na kwa miaka hiyo minne alinipakia kwenye karia ya baiskeli ya baba, akaniteremsha kwenye shule yangu ya msingi, akanifuta vumbi miguuni kwa leso yake ili mwalimu wa zamu asinirudishe, ndipo naye akaenda kwake, mara nyingi akiwa amechelewa, akaadhibiwa, na nyumbani hakusema.

Baada ya mafunzo ya utunzaji kumbukumbu aliajiriwa tarehe 2 Mei 1985 kuwa karani wa masjala katika jengo la ofisi za serikali ambalo wengi wenu mnalijua, akafanya kazi chumba kimoja kwa karibu miaka thelathini na tisa, faili likipotea wakubwa hawakulitafuta faili, walimtafuta yeye, na wote mlimwita Kengele, kwa sababu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele ya baiskeli yake ililia getini, baada ya kilometa kumi na moja za vumbi au matope, kutegemea siku imeamkaje.

Alifunga ndoa na shemeji yangu, mshonaji, tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1991, wa pili 1994 na wa mwisho 1999, ambao ni muuguzi, fundi umeme na mwalimu, na shemeji kila usiku alinyoosha shati la kesho yake, akalikunja ndani ya mfuko wa plastiki na kulifunga kwenye karia, kwani mumewe alisema mtu hawezi kupokea nyaraka za serikali akiwa ananuka jasho.

Hapa ndipo karatasi niliyoiandika kwanza ilipoendelea moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa, nimeichana, ninaomba niisome hii ya pili.

Mwaka 2006 nilihamishiwa kwenye jengo hilo hilo kuwa msimamizi wa majengo, na mwaka 2010 ulikuja waraka ukiagiza kila jengo la serikali liwe na mahali pa kuegesha baiskeli palipofunikwa, makabati ya kufungia nguo, na bafu kwa ajili ya watumishi wanaokuja kazini kwa baiskeli, nasi tukajenga, tarehe 18 Julai 2011 chumba kikakamilika, vigae vyeupe, mabafu mawili, maji ya moto, makabati kumi na mawili ya bluu, nikakifunga, na ufunguo nikauweka kwenye droo yangu.

Nilikifunga kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja kila mwaka kutoa alama, na mimi nilipiga hesabu zangu kwamba chumba kikitumika kitachafuka, kikichafuka tutapoteza alama, kwa hiyo kilifanyiwa usafi kila Ijumaa bila mtu kuingia, na kila mwaka niliandika kwamba huduma ipo, inatumika, na iko katika hali nzuri, kisha taarifa hiyo ikashuka masjala, ambako kaka yangu mwenyewe aliipokea, akaigonga muhuri, akaipa namba na kuipanga kwenye faili lake, huku ametoka kuoga kwa ndoo nyuma ya jenereta, akiwa amejisitiri kwa kipande cha turubai.

Mwaka 2012 aliandika dokezo, kwa heshima zote, akiniita Bwana Msimamizi kama vile hatukunyonya ziwa moja, akiomba watumishi wanaoendesha baiskeli waruhusiwe kutumia chumba, nami nikajibu chini yake kwamba mwombaji asubiri utaratibu, na nikajiambia kwamba nikimfungulia watu watasema ninapendelea ndugu, ingawa ukweli ni kwamba wengi wenu hamkujua kuwa sisi ni ndugu, sikutaka mjue, nilikuwa nakula chakula cha mchana na wenye magari na niliona aibu kuwa na kaka anayeingia getini suruali imebanwa na vibanio vya nguo, na aibu hiyo ndiyo ninayoionea aibu leo.

Mwaka 2015 jengo letu lilipata cheti kwa alama hizo za wakaguzi, mpiga picha akataka mtumishi mwenye baiskeli, nikamwita kaka, akaja, akasimama mbele ya vigae vile, akashika usukani, akatabasamu, mimi nikamtambulisha kwa wageni kuwa ni mmoja wa watumiaji wetu, na walipoondoka akaitoa baiskeli yake nje, akaifunga tena kwa mnyororo kwenye mguu wa tangi la maji, akarudi kwenye mafaili yake.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2024, mwezi Juni akaanza kulalamika tumbo, mwezi Agosti vipimo vikaonyesha saratani, akalazwa mara tatu, na katika mara hiyo ya mwisho nilibaki naye peke yangu wodini, nikamwambia kwamba nataka kumweleza mkewe ukweli wa chumba kile, akanishika mkono akasema, "Usimwambie, anakuheshimu sana," kisha akaomba nimgeuze upande wa dirishani, na tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ninawashukuru majirani mliompokea akitoka hospitali na kumsindikiza akirudi, na wafanyakazi wenzetu, hasa mama wa usafi ambaye kwa miaka kumi na mitatu alimjazia ndoo kabla hajafika, akamchotea maji ya vuguvugu siku za baridi kutoka kwenye birika lake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Shemeji, jana ulinipa agizo kwamba nisisahau kuishukuru ofisi, na mimi nikiwemo, kwa bafu la maji ya moto ambalo mumeo alikwambia analitumia kila asubuhi, umekuwa ukinishukuru kwa bafu hilo kila nilipokuja kwako, nami nilikunywa chai yako nikasema hamna shida, huku yeye akitazama kikombe chake, kumbe alikuwa anakudanganya ili mimi nisiharibike machoni pako, kwa hiyo shukrani hiyo siwezi kuisoma, kaka yangu hakuoga mle hata siku moja, ni mimi niliyemzuia, na nimelisema hili mbele ya mkuu wetu wa idara, ambaye ataamua la kwake, na mbele ya watoto wako, ambao wana haki ya kutonisalimia.

Kaka, uliniomba nisimwambie, na mimi nimemwambia, nimekukatalia ombi mara mbili sasa, hili la pili utanisamehe ukiweza, lile la kwanza usinisamehe haraka. Umefika, pumzika kwa amani.