Mwinga Chengo, Aliyekiunganisha Kinanda na Spika Izungukayo

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa na majirani, nanyi ndugu zetu Waislamu mliotoka Majoreni na Msambweni kuja kuubeba msiba huu pamoja nasi, familia inawaomba mkae, hata ninyi mliosimama kule nyuma na mapanga mikononi, kaeni, myasikilize maisha ya Mwinga mpaka mwisho kabla hamjaamua lolote.

Mwinga Chengo alizaliwa Kinango, mtoto wa pili wa Mzee Chengo na Mama Dama, siku yenyewe haikuandikwa, mama yake alikumbuka tu kuwa mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke, na alipobatizwa mwaka 1931 alipewa tarehe 4 Juni 1919, akaipokea kwa kicheko, akasema sasa na yeye ana siku yake. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka huo wa ubatizo hadi 1935, akafika darasa la nne, kisha baba yake akafariki, akarudi kuchunga mbuzi na kumlea mdogo wake Dzombo, ambaye alimbeba mgongoni mpaka Dzombo mwenyewe akaanza kuona haya.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, akafundishwa ufundi wa injini, akafika vitani hadi Bama, yaani Burma, akarudi 1946 na kipande cha chuma pajani. Tarehe 12 Aprili 1947 alifunga ndoa na Kache binti Baya, wa hapa hapa Kikoneni, wakajaliwa watoto watatu, Chengo mwaka 1948, Rispah mwaka 1950 na Dama mwaka 1954. Katika ndoa hiyo alimpata pia shemeji yake Kaingu, mdogo wake Kache, wakapendana kwa matusi ya utani, Kaingu akimwita mwizi wa dada, naye Mwinga akimwita mbuzi wa mahari aliyekataa kuchinjwa.

Kuanzia 1948 aliendesha injini ya umeme katika hoteli moja ya Diani, na hoteli ilipofungwa mwaka 1956 mwenye hoteli alilipatia kanisa letu kinanda cha umeme pamoja na injini ndogo, ambayo Mwinga aliijengea banda nyuma ya kanisa na kumfundisha Kache kuiwasha na kuizima. Kinanda kiliimba vizuri, ila kwa sauti iliyolala, mpaka Novemba 1957 lilipoletwa sanduku lake la spika kutoka Mombasa, refu kama kabati, juu lina tarumbeta na chini lina pipa, na mota huvizungusha ili sauti iende na kurudi, itetemeke kama mtu anayeimba huku analia. Mwinga alifanya kazi hiyo kwa subira, akazitenganisha nyaya moja moja ajue ipi ni ya sauti na ipi ni ya mota, akaurekebisha mwendo wa injini, kwa kuwa injini ikichoka wimbo wote hushuka, na akamwonya kila aliyepita kwamba waya ule mnene umebeba sauti na moto wa umeme pamoja, asiuguse mtu kabla injini haijazimwa.

Jumapili, tarehe 26 Januari 1958, spika ilizunguka mara ya kwanza. Sote tunajua ngoma ya pepo inavyomvuta mtu, lakini hakuna aliyefikiri kuwa sanduku la kanisa lingevuta vile vile, na sauti ilipokolea, Mbeyu, mke wa Kaingu, ambaye pepo wake alikuwa amepungwa na kutulia kwa miaka, alipandwa, akatupwa chini, akapiga uso kwenye ukingo wa benchi, meno yake yakabaki sakafuni, na jioni ile mimba yake ikatoka. Wazee walimwambia Mwinga asilizungushe tena, akakubali, lakini Jumapili iliyofuata, tarehe 2 Februari, alilizungusha katika wimbo wa mwisho, akidhani kwa kuwa Mbeyu yuko nyumbani hakuna atakayedhurika, na hilo familia haifichi.

Kaingu aliisikia sauti ile akiwa kando ya kitanda cha mkewe. Aliingia kanisani na panga, akasema, "Shemeji, dude lako limeshiba damu ya mwanangu, leo litakula chuma," naye Mwinga akasimama mbele ya sanduku, akamjibu, "Nikate mimi, bwanaee, waya usiuguse." Kaingu alimkata mkono wa kushoto mpaka mfupa ukaonekana, akalipasua sanduku, akauchuna ule waya kwa panga, kisha akaudaka kwa mikono miwili aung'oe, umeme ukamkamata, akawa anatetemeka, meno yameumana, hawezi kuachia. Mwinga alimwita Kache azime, lakini bandani injini ilikuwa inanguruma na Kache hakusikia, basi kwa mkono uliobaki aliinua benchi la mbao, akampiga Kaingu mkononi mpaka mfupa ukavunjika na waya ukamtoka.

Kaingu alipona. Mwinga alipelekwa hospitali ya Msambweni, kidonda kikaingia pepopunda, mwili ukakunjwa kama upinde, na kabla taya hazijafunga alimshika Dzombo, akasema, "Mimi na Kaingu tumekwisha malizana. Atakayemgusa, huyo hakunizika." Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Februari 1958.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, wenzake wa Diani waliotoa gari, na majirani waliochota maji na kupika bila kuombwa. Kaingu yuko hapa mbele, mkono umefungwa plasta, amekaa kati ya dada yake Kache na mkewe Mbeyu, na Dzombo anajua kuwa maneno yale ya Mwinga hayakuongezwa chochote. Wachimbaji wanasema kaburi lina mizizi ya mkanju iliyowashinda, kwa hiyo Dzombo na vijana wake walio kule nyuma wapite kwanza na mapanga yao wakaikate, kisha wayaache huko huko.

Mwinga, mwana wa Chengo, pumzika sasa kwa amani, injini Kache ameshaizima.