Mama Ulimi na Mvinyo wa 2006

Ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa ghalani. Maneno haya ni ya mume wa marehemu, na anayeyasoma ni binti yao. Mumewe si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo yatakuwa machache.

Tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mama Ulimi, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya dobi. Dobi huyo alikuwa mama yake mzazi. Baba yake alisukuma mkokoteni wa makaa. Alikuwa mtoto wao wa nne, na wa kwanza kuishi.

Mama yake alipokea shuka za nyumba nyingi na hakuwa na nafasi ya kuzitia alama. Mtoto ndiye alikuwa alama. Alizinusa akasema hii ya muuza samaki, hii ya mshona viatu, hii ya yule bwana anayevuta kiko akimficha mkewe. Kwa hiyo ya mwisho alifinywa sikio, akaambiwa mambo ya shuka yaishie kwenye beseni.

Aliingia shule mwaka 1957 akafika darasa la nne. Kusoma alijua, hesabu hazikumpenda. Mwaka 1961 mama yake aliumia mgongo, naye akaacha shule akashika beseni. Hakulalamika. Alisema tu kwamba darasani alikuwa anakaa karibu na dirisha, na dirisha lile alikuwa akilikumbuka.

Februari 1967 aliajiriwa ghala la mvinyo kuosha chupa. Msimu wa mavuno akawekwa mezani kuchambua zabibu. Zabibu za hapo ni Zinfandel, na zina tabia yake: kichala kimoja kina mbivu, mbichi na zilizokwisha kunyauka, zote zimebanana kama watu kwenye foleni. Wenzake walichambua kwa macho. Yeye alionja. Msimamizi wa wakati ule, mzee mkali aliyekuwa mwonjaji wa mapipa, alimwona akitafuna, akamwita akidhani anaiba. Akamuuliza anakula nini. Binti akajibu, “Hii ina pilipili manga, ile ni jamu tupu, na hii ya tatu haijaamua.” Mzee alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Mwaka 1978 alipostaafu, mrija wa kioo wa kuvutia mvinyo kutoka kwenye pipa alimkabidhi yeye. Jina la Ulimi lilianzia hapo, na Mama likaongezwa na watoto.

Kuonja kulikwenda hivi. Anavuta mvinyo kwa mrija, anatia kwenye glasi, ananusa kwanza, kisha anaweka mdomoni, anazungusha, anatema. Hakuna mtu hapa aliyewahi kumwona akiyumba. Kinachobaki kwenye glasi kilikuwa haki ya fundi mapipa, ili naye ajue mbao zake zimefanya nini. Fundi alikunywa akasema, “Sawa.” Miaka yote hakuongeza neno.

Fundi huyo ndiye mumewe. Walijuana kwa ugomvi. Mwaka 1970 Mama Ulimi, akiwa bado muosha chupa, alipita karakana akamwambia kwamba pipa lake limeungua ndani na mvinyo utatoka na ladha ya jiko. Fundi hakumsemesha siku nyingi. Kisha akatengeneza pipa jingine, akalichoma ndani kwa moto mdogo, akaenda kumwita. Akasema, “Nusa.” Akanusa. Akasema, “Hili sawa.” Fundi akasema, “Basi tuoane.” Walifunga ndoa tarehe 6 Februari 1971. Kwa miaka hamsini na miwili mke alimtania mumewe kwamba mdomo wake nao umefungwa pete za chuma kama mapipa yake. Walijaliwa watoto watatu. Mama Ulimi alikuwa mpishi mzuri, mwenye wivu kidogo, na hakupenda mtu achukue kijiko chake.

Sasa mvinyo wa 2006, kwa sababu hauwezi kuachwa nje ya maisha yake.

Zinfandel wengi huunywa ukiwa mchanga, na hawakosei. Ni mvinyo wa furaha ya haraka. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa madogo na mazito, na Mama Ulimi alimwomba mwenye ghala, ambaye sote tunamwita Funguo kwa ule mlio wa mfuko wake, aweke chupa za safu nzima bila kuuza. Funguo aliuliza mpaka lini. Alijibu kwamba atamwambia. Tangu hapo hakutulia. Mvinyo wa namna hii hautoi ahadi. Unaweza kulala mzima ukaamka umekufa. Alistaafu mwaka 2011, lakini kila mwezi wa Machi aliitwa kufungua chupa moja, na wiki nzima kabla ya siku hiyo alikuwa anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Alimsimulia mumewe kila mwaka, atake asitake. Ulipokuwa mchanga ulikuwa na kelele: forosadi, plamu, pilipili manga, na joto linaloteremka hadi kifuani. Rangi yake zambarau, ikitia madoa hata kwenye meno. Baada ya miaka mitano kelele ilikaa chini. Forosadi ikawa jamu, na vanila ya mbao, ambayo mwanzo ilisimama peke yake kama mgeni, ikaingia ndani ya nyumba. Baada ya miaka tisa hivi tunda likakauka: tini, zabibu kavu, kidogo tumbaku, na ngozi kama ya mkanda uliovaliwa muda mrefu. Ukakasi uliokuwa ukishika ufizi ukalainika. Ukiinamisha glasi, ukingo wake ulikuwa na rangi ya tofali. Alisema, “Sasa hauongei na kila mtu. Unaongea na anayesikiliza.”

Tarehe 15 Machi 2019 walifungua chupa nyingine. Walikuwa watatu ghalani: yeye, mumewe na Funguo. Alinusa. Akanusa tena. Akaweka mdomoni, akatema. Funguo akaacha kuchezea funguo. Kisha Mama Ulimi akasema, “Umekufa.”

Akaomba chupa ya pili, labda kizibo cha ile kilikuwa kibovu. Ya pili nayo akasema imekufa. Ni maji yenye uchachu, alisema, hauna kitu. Funguo alikaa kwenye kreti. Hakubisha, maana neno la mama huyu lilikuwa halibishwi. Alisema tu kwamba mtengeneza siki atapigiwa simu aje na gari Jumatatu, akamwambia asijilaumu, mvinyo ni mvinyo. Mama Ulimi alifunga mikono tumboni. Alikuwa amemwekesha mtu yule safu nzima miaka yote ile.

Glasi ikamfikia fundi, kwa mazoea. Akanywa.

Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko miaka yote. Na fundi, badala ya kufurahi, aliishusha glasi. Alikumbuka maziwa yaliyoungua asubuhi ile mkewe akiwa amesimama mbele ya jiko. Alikumbuka mchuzi uliozidi chumvi wiki nzima. Akasema, “Uko hai.”

Mkewe alimtazama. “Rudia.”

“Uko hai, mke wangu.”

“Nieleze.”

Fundi hakuwa na maneno hayo. Aliyatafuta moja moja. Alisema tini kavu. Alisema ngozi. Alisema pilipili manga ipo bado, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chumba kingine. Mkewe alisikiliza huku glasi iko puani. Kisha akaiweka chini taratibu.

“Mimi sinusi kitu, Fundi.”

Funguo, Mungu ambariki, alitoka akawaacha. Mama Ulimi alizunguka ghala akinusa. Alinusa kizibo, alinusa kopo la mafuta ya taa, alinusa jivu la karakana. Mwisho alishika kola ya shati la mumewe, shati la moshi wa mapipa, akaweka uso hapo kwa muda. Akaiachia. Hakulia. Alisema mtengeneza siki asije.

Daktari wa pua na koo aliwapeleka kwa daktari wa kichwa, na picha ikaonyesha uvimbe nyuma ya pua, ndani, chini ya paji la uso. Daktari alisema unaweza kutolewa, ila kunusa hakutarudi, na kichwa ni kichwa, hakuna wa kuahidi. Mama Ulimi aliuliza kama ulimi utabaki. Daktari alisema utamu, uchachu, uchungu na ukakasi vitabaki. Alifikiri, akasema basi nusu ipo. Alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Mei 2019. Mumewe alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, na kila mlango ulipofunguka alisimama. Mkewe alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa nani amemwagilia maua.

Tangu hapo walionja wawili. Yeye aliweka mvinyo mdomoni akasema habari za ulimi: uchachu umepanda au umetulia, ukakasi unashika wapi, joto linafika wapi. Mumewe alisema habari za pua. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Mwaka wa kwanza alisema unanuka vizuri, akaulizwa vizuri kama nini, akasema kama Jumapili, akaambiwa atoke nje, arudi na akili. Polepole akajifunza. Alisema mdalasini. Alisema kabati la nguo za zamani. Mkewe alifumba macho akayaunganisha, na akitabasamu Funguo alijua safu inabaki mwaka mwingine. Fundi hakulala vizuri kuelekea siku hizo. Aliogopa kusema kosa, maana mkewe hakuwa na pua nyingine isipokuwa hiyo.

Mwishoni mwa 2022 uvimbe ulirudi. Daktari hakushauri kisu tena. Machi ya mwaka huu Mama Ulimi hakuweza kwenda ghalani, kwa hiyo Funguo alileta chupa nyumbani, akaifungulia jikoni, akamwachia fundi glasi.

Fundi alinusa. Tini zilikuwa zimekwenda. Pilipili manga ilikuwa imekwenda. Kulikuwa na majani makavu, na chai iliyopoa, na utamu mdogo sana chini yake uliokuwa karibu kutoka. Mvinyo haukuwa mbaya. Ulikuwa unaaga. Alisimama pale jikoni na glasi. Chumbani alikuwa mgonjwa anayeagwa na kila kitu, na sasa hili. Alijaribu uongo kimyakimya, alijaribu kutamka tini, akaacha.

Aliingia. Mkewe alilowesha ulimi, akasema uchachu uko mbele sasa, na ukakasi haupo kabisa. Akasubiri habari za pua. Mumewe akatazama glasi.

“Usinifiche,” alisema. “Nimekutegemea.”

“Unaondoka.”

“Vibaya?”

Akamwambia hapana. Akamwambia majani, akamwambia chai, akamwambia ule utamu mdogo na mahali ulipo. Alizungumza kuliko siku yoyote ya ndoa yao. Mkewe alifumba macho muda mrefu hata mumewe akainama kusikia kama anapumua. Kisha akasema, “Bora umeniambia. Mwite Funguo.”

Funguo alikuja mlangoni na kofia mkononi. Mama Ulimi alimwambia safu isingoje tena. Isiuzwe kwa siki, isikae kwa heshima yake. Watu wainywe mwaka huu, wakiwa wengi, kabla mvinyo haujawa maji. Funguo alisema, “Sawa, Mama.” Akaongeza kwamba amengoja neno hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mama Ulimi akamwambia hazijawahi kuwa nyeusi. Walicheka wote watatu.

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 21 Mei 2023, mchana, madirisha yakiwa wazi. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na binti yao wa kwanza alikuwa akimsukia nywele.

Ameacha mume, fundi mapipa. Ameacha mabinti wawili, mshonaji na mwalimu wa chekechea, na mwana mmoja, dereva wa lori. Ameacha wakwe watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja ambaye bado hajatembea, na mdogo wake wa kike, ambaye anaendesha udobi wa mama yao mpaka leo.

Chupa za 2006 ziko kwenye meza ndefu pale nje, zote. Funguo amezileta mwenyewe. Mnaombwa mnywe leo, msibebe nyumbani kuweka.

Na jambo moja. Juzi, wakipanga viti, Funguo alimuuliza mumewe kama atakuja Machi kuonja mavuno mapya. Mumewe hakujibu. Hana anayemuunganishia maneno, na anaogopa kukosea mbele ya watu. Amekaa na swali hilo tangu juzi. Anamjibu hapa, kwa kuwa mbele yenu hawezi kurudi nyuma: atakuja.

Mke wake, mama wa watoto wake, na apate raha na amani huko aliko.