Ubao wa Biti Zilizovunjika: Maisha ya Fundi Modesti Kasiano Sikazwe, 1961–2025

Baba Paroko, wazee wetu mliotoka Mwimbi tangu alfajiri, majirani wa Izia, mafundi wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa desturi yetu historia hii ilikuwa isomwe na baba mdogo, lakini mama amesema asome Rosina, na siku kama ya leo mjane habishiwi, kwa hiyo nimesimama mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu, na naomba mnivumilie mahali ambapo sauti itanigoma.

Marehemu Modesti Kasiano Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Mwimbi, ambacho sasa kipo Wilaya ya Kalambo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kasiano na Mama Silvana, wakulima wa mahindi na ulezi, na alibatizwa Jumapili ya Pasaka ya mwaka huo huo. Babu yake alikuwa mhunzi, mmoja wa wale wa mwisho katika uwanda huu waliojua kuyeyusha chuma kwenye tanuru la udongo, na baba aliringia damu hiyo kuliko cheti chochote alichowahi kupewa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mwimbi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akasaidia shambani mwaka mmoja, kisha Januari 1977 akajiunga na karakana ya mafunzo ya misheni hapa Sumbawanga, akahitimu Novemba 1979. Siku ya kuagana, bruda aliyemfundisha alimzawadia kopo la biti za drili, vile vyuma vya kutobolea, zile za boksi la kijani, na akamwachia neno moja, kwamba biti ikivunjika, fundi autazame kwanza mkono wake. Kampuni inayozitengeneza sitaitaja, mafundi mnaijua kwa boksi lake. Baba aliishika sheria hiyo kama Amri ya Kumi na Moja, na mengi nitakayosoma kuanzia hapa yametokana nayo.

Kuanzia mwaka 1980 aliajiriwa katika karakana moja ya ushirika akitengeneza plau na mikokoteni, na ilipofungwa mwaka 1994 alifungua karakana yake hapa Izia, ambako mashine za kusaga kutoka karibu kila kijiji cha jirani zimewahi kulala chini ya mikono yake. Mwaka 1996 alitundika ukutani, juu ya jiliwa la kubania vyuma, ubao wa mninga ambao wengi wenu mmeuona, na kila biti iliyovunjika ilifungwa pale kwa waya, chini yake akaandika kwa rangi nyeupe jina la aliyeivunja na tarehe. Ukifikisha biti tatu, ulivua ovaroli mbele ya wateja na kuondoka. Wateja walimsifu kwa ukali huo, walisema kwa Modesti hakuna fundi bomu, na sisi watoto tulikua tukiamini kwamba ule ubao ndio heshima ya nyumba yetu.

Tarehe 21 Juni 1986, kwenye baridi ile ya Juni mnayoijua, alifunga ndoa na mama yetu, Luciana, na Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi Rosina niliyezaliwa mwaka 1988, Flavian wa mwaka 1991 na Dominika wa mwaka 1996. Alikuwa mume asiyelewa, baba aliyelipa ada kabla ya kununua viatu vyake, na mtu ambaye hakuna jirani aliyemgongea kwa shida akarudi mikono mitupu. Hayo ni kweli, na nataka yasikike vizuri kabla sijaendelea.

Mimi nilimaliza mafunzo ya ufundi mwaka 2010, na mwaka uliofuata baba akanipa ovaroli, akawaambia wazee wenzake kwamba damu ya mhunzi imeruka wavulana ikatua kwa binti, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ya miaka ile. Lakini kuanzia mwaka 2014 biti zikaanza kuvunjika. Zilikuwa za boksi lile lile la kijani, zimenunuliwa kwa wakala yule yule, wala hazikuwa feki, ila ile ya zamani uliinoa mara ishirini ikaendelea kula chuma, na hii mpya ilibadilika rangi ikawa bluu kwenye tundu la kwanza, ncha ikalegea, na ukiisukuma kidogo inakatika. Tulimwambia. Alijibu kwamba tunakandamiza mno, kwamba hatuweki mafuta, kwamba vijana wa siku hizi akili zao ziko kwenye simu.

Naomba niusome ubao wenyewe, kwa sababu nimeuhesabu. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2013, miaka kumi na minane, kulikuwa na biti nne. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2021, kuna biti arobaini na moja. Ubao ulikuwa mbele ya macho yetu kila asubuhi, tarehe zimeandikwa kwa rangi nyeupe, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyejiuliza imekuwaje mikono ya mafundi wote iharibike mwaka mmoja.

Calvin, mmoja wa mafundi wenzangu wengi waliovuliwa ovaroli, aliondolewa mwezi Mei 2016, na kwa kuwa mji ni mdogo, kila alipokwenda kuomba kazi alikuta habari zimemtangulia, akaishia machimbo ya dhahabu, na tarehe 30 Oktoba 2018 kifusi kikamfunika huko. Mama yake, Mama Fransiska, amekaa pale karibu na jeneza, amekesha na mama yangu siku zote hizi, na sijui amepata wapi moyo huo. Mimi niliondolewa tarehe 8 Septemba 2017, baba akaniambia mbele ya wateja, “Mkono huna, mwanangu, rudi kwa mama yako,” nami sikurudi kwa mama, nilishuka Kabwe ziwani, ambako hadi leo natengeneza injini za maboti. Tulisalimiana kwenye misiba na harusi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Steven, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na moja, aliondolewa mwaka 2021, na tangu hapo baba alibaki peke yake na drili yake na zile biti za zamani za kopo la bruda.

Jumanne ya tarehe 4 Februari mwaka huu, akiwa amepiga goti kutoboa chuma cha plau, biti mpya ilimkatikia, na kipande kikamwingia paja la kushoto. Alikitoa mwenyewe kwa plaizi, akafunga kitambaa, akamwambia mama kwamba amechanwa na seng'enge. Zahanati ni dakika kumi kwa miguu. Hakwenda, kwa sababu muuguzi angemuuliza umeumizwa na nini, na mtu aliyewavua wenzake ovaroli kwa ajili ya biti hakuweza kutamka kwamba na yeye amevunja. Nasema hivi kwa uchungu, na kwa hasira pia: baba yangu alikufa kwa aibu ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha, na sindano moja tu siku ile ingetosha.

Jumatatu ya tarehe 10 alimpigia simu Steven, baada ya miaka minne ya kutosemeshana. Steven alimkuta karakana, ameweka kwenye jiliwa biti mbili, moja ya kopo la bruda na nyingine mpya, na tupa mkononi. Alipitisha tupa juu ya ile ya zamani, ikateleza bila kuacha alama. Akapitisha juu ya ile mpya, tupa ikala, ikaacha mkwaruzo unaong'aa, ishara kwamba chuma chake ni laini. “Steve, hebu jaribu wewe,” alisema, “mimi naona macho yananidanganya.” Steven akajaribu, ikawa hivyo hivyo. Baba akakaa kwenye stuli, akautazama ubao, akauliza, “Rosina ana ngapi pale?” Steven akamjibu, “Tatu, mzee.” Akauliza ya Calvin, akajibiwa hivyo hivyo. Steven alimshauri anipigie simu saa ile ile, akakataa, akasema, “Nilimfukuza mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu. Jumamosi nashuka Kabwe. Na nikirudi naenda kwa Mama Fransiska.”

Jumatano taya lilianza kukaza, akadhani ni jino. Alhamisi ya tarehe 13 alilazwa, na madaktari wakasema ni pepopunda. Mimi nilifika Ijumaa, nikakuta chumba kimefunikwa mapazia, tumekatazwa kuongea kwa sauti, na meno yake yamefungana. Alinitambua. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akaanza kukigusa kidole kimoja kimoja, na machozi yalikuwa yakimtoka, nami sikuelewa, nilidhani ni maumivu, nikampangusa uso na kumwambia, “Tulia baba, usijisumbue.” Steven alinieleza habari ya Jumatatu ile baada ya kifo, ndipo nikaelewa. Jumamosi ile aliyoipanga ilipita akiwa kitandani, na Jumatano ya tarehe 19 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mungu akamwita.

Jana tumefungua karakana kutafuta mbao za jeneza, tukakuta kwenye ubao biti moja imeongezwa mwishoni, imefungwa kwa waya, ina damu iliyokauka, na chini yake, kwa rangi nyeupe na mwandiko wake, imeandikwa M. K. Sikazwe, 4/2/2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku sita, majirani wa Izia kwa kuni, maji na kukesha, jumuiya yetu ndogondogo kwa sala, na mafundi wa mjini waliofunga karakana zao leo. Tunakushukuru kipekee wewe, Steven, uliyeitika ulipoitwa.

Na kwa kuwa yeye alitaka iwe mbele za watu, naifanya mimi kazi aliyoiacha. Mama Fransiska, baba yangu alikuwa njiani kuja kwako. Calvin hakuwa fundi mbovu, na wewe hukuzaa mtoto mbovu, ni chuma kilichokuwa kibovu, na sisi tulichelewa kukipima. Kama nimemsamehe baba, sijui, niulizeni baada ya arobaini. Ila nimekataza ubao usiende kaburini na usichomwe, utabaki ukutani, jina lake likiwa la mwisho.

Lala, baba. Mkono wako ulikuwa mzuri, na wetu ulikuwa mzuri.