Kadi ya Chini: Miaka Thelathini na Saba ya Bi. Vinka Stipišić

Tarehe 31 Desemba 1996, Bi. Vinka Stipišić anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Kutafuta Jamaa hapa Split kwa miaka thelathini na saba. Amekubali niandike wasifu huu kwa sharti moja, kwamba nisimpambe na nisifiche lililotokea Oktoba. Nilijaribu kumkatalia, nikashindwa, kama tulivyoshindwa sote katika kila jambo aliloshikilia.

Alizaliwa kisiwani Brač mwaka 1936. Dada yake, aliyeitwa Vinka pia, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kwetu jina la mtoto halizikwi naye. Hupewa anayefuata, ili la bibi au la babu lisipotee katika ukoo. Mwenyewe hupenda kusema kwamba alirithi jina na viatu, ila viatu ndivyo vilivyombana.

Aliajiriwa Aprili 1959, masanduku ya kadi za kambi ya El Shatt yakiwa bado yamepigiliwa misumari. Mwaka 1944 maelfu ya watu wetu wa visiwani walivushwa bahari wakimkimbia Mjerumani, wakaishi kwenye mahema katika jangwa la Misri hadi vita vilipokwisha. Kila mtu alikuwa na kadi, na kila familia ilipohamishwa hema iliandikiwa nyingine. Mmoja akawa na kadi tatu, nne, zote zimekosewa. Aliyeuliza habari za mama yake alijibiwa baada ya mwaka, akijibiwa.

Bi. Vinka ndiye aliyetutoa kwenye tope hilo. Aliyajua majina ya utani ya koo za visiwa vyote, na hiyo si elimu ndogo, maana kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Kata Dulčić saba. Kisha akatunga kanuni ya pini. Kadi zenye jina moja na mama mmoja zibanwe pamoja. Kama mojawapo ni ya kifo, hiyo ikae juu na isemee zote. Majibu ya mwaka mzima yakaanza kutoka kwa wiki mbili. Mwaka 1970 akatunukiwa cheti, na mimi ndiye niliyekitundika ukutani.

Kisa chake maarufu, ambacho kila mfanyakazi mpya amekisikia kutoka kwangu, ni cha mwaka 1974. Alikuja fundi seremala wa uwanja wa meli kule Vela Luka, jina lake Jakov Oreb. Mama yake, Perina, alikuwa amemwambia akiwa mahututi kwamba hakumzaa, alimnyonyesha tu kambini. Mama mzazi alikuwa Kata Dulčić wa akina Jogoo, wa kijiji cha Brusje, kisiwani Hvar. Bi. Vinka akafungua faili, akasoma kadi ya juu, akamweleza kwa upole kwamba Jakov mwana wa Kata alifariki kwa surua Machi 1944, akiwa na miaka mitatu. Yule bwana akakuna kichwa.

"Basi nipeni barua nimpelekee msimamizi wangu," akasema. "Maiti haamki saa kumi na moja kwenda kazini."

Tulicheka hadi machozi. Naye alicheka, akashika kofia yake, akaondoka. Kwa miaka ishirini na miwili mtu akichelewa kazini hapa tulimuuliza kama ameleta barua ya Jakov.

Oktoba hii vijana walituletea kompyuta, wakataka kila kadi iingizwe peke yake. Bi. Vinka akaanza kuchomoa pini zake. Alipofika kwa akina Jogoo akaniita. Kadi ya chini ilikuwa ya Jakov mwana wa Kata, aliyezaliwa Agosti 1944. Tarehe ile aliiona siku alipobana pini, akadhani ni kosa la karani wa kambini. Nyuma ya kadi kulikuwa na maneno kwa penseli: mama amefariki, mtoto amechukuliwa na Perina Oreb wa Vela Luka.

Wa kwanza alikufa. Wa pili alipewa jina lake, kama alivyopewa Vinka mwenyewe. Hakuna mtu duniani aliyestahili zaidi kulikumbuka hilo kuliko yeye.

Ndani ya faili kulikuwa na barua moja zaidi, ya mwaka 1968. Lukra Dulčić, binti wa Kata, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu mama yake alipoondoka, alibaki Brusje kumtunza bibi yake aliyegoma kuhama. Aliuliza habari za mama yake, za kaka yake mdogo, na za mimba ambayo mama aliondoka nayo. Tulimjibu kwamba wawili wamekufa na mtoto wa tatu hayumo katika kumbukumbu. Sahihi ni ya Bi. Vinka. Muhuri niliupiga mimi.

Tulipiga simu parokia ya Vela Luka. Jakov Oreb alifariki mwaka 1992, kwa ugonjwa wa moyo, bila mke wala mtoto. Meli inayoshusha watu Hvar, kwa Lukra, ndiyo hiyohiyo inayoendelea hadi Vela Luka.

Bi. Vinka angeweza kumwandikia Lukra barua. Alikwenda mwenyewe, nami nikamsindikiza. Lukra alitutilia mvinyo, akatuwekea tini kavu, akasikiliza hadi mwisho.

"Miaka yote nimekuwa nikimwombea apumzike," akasema. "Kumbe alikuwa kazini, anachoka."

Bi. Vinka hakuomba radhi. Alisema haina ukubwa wa kutosha. Lukra akauliza kama tulimwona, alikuwaje, alicheka vipi. Picha hatukuwa nayo. Tulikuwa na kichekesho chetu tu. Bi. Vinka akamsimulia kile kisa cha barua ya msimamizi, neno kwa neno, na kukuna kichwa kukiwemo. Lukra hakucheka. Alituomba tumsimulie tena. Tulipofika mlangoni kuaga, akaomba mara ya tatu.

Makabati yetu yana jozi mia nne na kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, na waliotuuliza wengi wao wamekwisha kufa. Bi. Vinka amekataa saa ya ukutani tuliyomchangia. Ameomba kiti na meza karibu na dirisha, aje kila asubuhi kuinua kadi za chini, na cheti cha mwaka 1970 kiondolewe. Nimekiondoa.

Bi. Vinka, kwa kazi yako tunakushukuru, na kosa lako tunalibeba nawe. Mungu akujalie uzee wenye afya, na macho ya kukufikisha kwenye pini ya mwisho.

Srećko Matulić
Masjala