Chakula Nilichoficha kwa Mama Njoki

Asifiwe Bwana aliyenipandisha hapa mbele leo bila kushikwa mkono. Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Mama Wekesa wa mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, yule anayeongoza wamama wa kutembelea wagonjwa. Nitasema haraka, kwa sababu nikikawia nitaogopa na nitarudi kukaa.

Mwaka ule watoto walipoanza kuletewa maziwa ya bure shuleni, hedhi yangu ilikata. Ndiyo, nimesema. Wazee mnaoinamisha vichwa vumilieni kidogo, wake zenu wanajua habari hizi. Nilidhani sasa nimepumzika, kumbe mwili una mipango yake. Joto lilinishika katikati ya ibada, usingizi ukanikimbia, na unene ukaja tumboni na mgongoni, na sikuwa nakula kuliko zamani. Sketi mpya ilinibana kabla mwaka haujaisha. Nikija kanisani nilisimama njiani mara tatu, nikijifanya nasalimia watu.

Sista wa kliniki alinipima presha, akapima tena mkono wa pili. Akaniambia, "Mama, punguza huu mwili, la sivyo utaanguka." Hakuwa na haja ya kunieleza kuanguka ni nini. Dada yangu alianguka hivyo huko nyumbani akifua nguo. Upande mmoja ukafa, akalala miaka miwili akilishwa uji kwa kijiko. Tangu siku ile sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama najishika shavu nione kama limekufa ganzi.

Nyumbani ugali niliupunguza. Lakini ndugu zangu, shida yangu haikuwa nyumbani. Alhamisi moja tunaingia nyumba tatu, nne. Huku kuku, kule samaki, Riruta mukimo wa viazi na mahindi, na nyama, na kila mahali chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Nani atakataa? Ukikataa, mwenye nyumba anajiuliza kama unamwona mchawi, kama unaogopa amekuwekea kitu. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa kikombe kimoja kilichoachwa kimejaa. Basi nikala. Jumatano nilifunga, Alhamisi nikala ya siku mbili. Niliombewa hata pepo wa ulafi, na hakutoka, kwa sababu hakuwamo.

Ndipo nikapata akili ya kijinga. Nilianza kuficha. Watu wakifumba macho kuombea chakula, mimi namega, nafunga kwenye kitambaa, natia mkobani kando ya Biblia. Nikitoka nawapa mbwa. Nilijiona mjanja sana.

Siku hiyo tulikuwa kwa Mama Njoki, Riruta. Binti yake Njoki alikuwa mgonjwa wa wiki nyingi, hajulikani ana nini, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba amerogwa. Tukala, au wenzangu walikula. Kisha mzee wa kanisa akaniambia nisome neno. Nikavuta Biblia, na kitambaa kikaja nayo. Mukimo na mfupa wa nyama vikaanguka hapo sakafuni, mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Mnajua kwetu mtu anayebeba chakula cha nyumba ya mgonjwa kwa siri anakipeleka wapi. Wamama wawili waliokuwa karibu nami walisogea. Mama Njoki akaniangalia, akauliza polepole, "Mama Wekesa, chakula cha mtoto wangu ulikuwa unampelekea nani?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mimi sikuwa na pa kuchutamia. Nikasema yote. Kwamba hedhi imekata, kwamba mwili umenishinda, kwamba nina presha na naogopa kufa upande kama dada yangu. Kwamba kila Alhamisi wananiua kwa upendo na sina ujasiri wa kuwaambia basi. Nililia mpaka kamasi. Mzee wa kanisa alitazama dari kama fundi wa mabati.

Mama Njoki akaketi chini. "Wewe unakula kwa kuniogopa," akasema. "Na mimi leo nimemwacha mtoto akitapika peke yake, nikienda kuponda mukimo wenu, nisije nikaitwa mchoyo." Naye akalia. Bibi mmoja pembeni akasema hata yeye ana ugonjwa wa sukari, na amekuwa akinywa chai yetu kama dawa chungu.

Ndugu zangu, pale ndipo Mungu alinifungua. Siku ile tulikata shauri: nyumba ya mgonjwa ni maji au chai ya rangi, basi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Njoki alipona taratibu, na mama yake ndiye anayetembea nami sasa. Tunaenda Kibera kwa miguu hadi Makina na kurudi, na yeye ana ulimi, nikipunguza mwendo anauliza kama nimeamua kulala barabarani. Mwili ulipungua polepole, kwa miezi mingi. Presha ilishuka. Sista alipima mara mbili tena, safari hii akicheka.

Lakini sitawadanganya kwamba nimefika. Unene unaondoka kama mpangaji aliyeacha kitanda chake ndani, wakati wowote anaweza kurudi. Krismasi iliyopita nilikaa kwetu wiki tatu, nikarudi sketi inanibana. Nikaanza upya. Bado najishika shavu. Kila asubuhi namwomba Bwana nguvu za leo tu, na za leo ananipa. Nawe mama uliyenyamaza na mwili wako, mwamini Bwana, mwambie yeye, kisha umwambie na jirani.

Sasa nina ombi. Mkwe wangu amejifungua, na Alhamisi hii mnakuja kwangu. Mimi ni Mluhya, ndugu zangu, na kwetu mgeni huchinjiwa kuku. Mjukuu wa kwanza, na wageni waondoke na maji? Jogoo yuko, na mikono inaniwasha. Niombeeni. Na mkinikuta nimepika, kataeni. Kataeni wote, mbele yangu, na nitajua kwamba mnanipenda.